Punda Aliyesimama Siku Tisa

Nilikwenda Yapite kwa wito wa barua, nikiwa na umri wa miaka sitini na saba na magoti yasiyotaka ngazi. Nilikuwa nimeshastaafu udaktari wa mifugo na sikuwa na hamu ya kwenda kokote. Haya nayaandika kama nilivyozoea kuandika taarifa za wilayani: niliyoyaona, niliyoambiwa na nisiyoyajua. Safari yenyewe ilikuwa ndefu, nikaimaliza kwa usingizi.

Yapite ni nchi safi. Mitaa inafagiwa, kuta zinapakwa chokaa kila mwaka, na saa ya mnara haikosei. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba haina makaburi, maana ni vigumu kuona kisichokuwapo. Jambo jingine niliona siku ileile ya kwanza: watu wote wamechoka. Muuza maandazi alikuwa akisinzia mbele ya karai. Kinyozi aliyeninyoa ndevu alisimamisha wembe mara tatu, akashusha pumzi kama mtu aliyebeba gunia, kisha akaendelea. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Hapana, mzee," akasema. "Ni uchovu wa kawaida. Kila mtu anao."

Serikali imeunda tume ya kuchunguza uchovu huo. Niliambiwa imekaa miaka kumi na minne, na kwamba wajumbe wake hupumzika mara kwa mara.

Mwenyeji wangu alikuwa Karani Msumi wa Idara ya Maondoleo, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye adabu, na macho mekundu ya mtu asiyelala akashiba. Ndiye aliyenifundisha sheria ya nchi, iitwayo Sheria ya Siku Moja. Mtu akifa, wachukuzi wa Idara wanafika kabla ya saa sita mchana, wanamfunga ndani ya mkeka wake, wanamlaza kwenye machela na kumpeleka Uwandani, nje kabisa ya mji. Kufikia jioni kitanda chake kimeshatolewa na jina lake limefutwa. Halitamkwi tena. Majirani hawasemi pole. Wanasema, "Hongera kwa kumaliza," na mfiwa anajibu, "Tumemaliza." Kesho yake anarudi kazini.

Juu ya mlango wa Idara pameandikwa *Yaliyopita si ndwele*, na chini ya maneno hayo yupo sisimizi wa shaba amebeba mwenzake aliyekufa.

"Huyo ndiye mwalimu wetu," Msumi alinieleza huku akizuia mwayo. "Akifiwa hakai. Anamtoa mwenzake nje, anamtupa, anarudi kazini. Waasisi wetu waliwachunguza wanyama wote, wakaandika katika utangulizi wa sheria: Hakuna kiumbe anayesimama kwa ajili ya mfu wake, isipokuwa binadamu mvivu."

"Waliwachunguza wote?"

"Imeandikwa hivyo, mzee."

Na hilo "imeandikwa" ndilo lililoniita. Palikuwa na mama mmoja mjini, Bi Ngolwa, aliyeuza maji kwa mkokoteni wa punda wawili, yeye na binti yake Zawena wa miaka kumi na tisa. Mwezi wa nne punda mmoja alianguka sokoni akafa. Mwenzake akakataa kuondoka. Alisimama juu ya mzoga siku mbili, na mzoga ulipoburutwa alisimama palepale siku saba zaidi, hakula ila majani aliyotiwa mdomoni. Soko zima lilimwona. Miezi miwili baadaye Zawena alishikwa na homa, akafa alfajiri. Saa nne wachukuzi walikuwa wameshamwondoa.

Bi Ngolwa hakwenda kazini kesho yake. Alikaa kizingitini, na kila alipopita msichana wa rika lile aliita jina la binti yake. Mkaguzi alipokuja kumwonya, alimjibu mbele ya majirani: "Punda wangu alisimama siku tisa na hakuna aliyemshitaki. Mimi niliyezaa nikae ngapi?"

Swali lile likazunguka mji. Watu walilirudia kisimani na kwenye foleni, kwa sauti ya chini, wakiangalia pembeni. Kwa mujibu wa sheria, anayeng'ang'ania mfu huhesabiwa pamoja naye: hubebwa kwa machela akiwa hai, huachwa Uwandani, na jina lake hufutwa. Lakini Baraza liliona ugumu. Kama punda kweli alisimama, utangulizi wa sheria ni wa uongo, na sheria yenye utangulizi wa uongo itasimama vipi? Madaktari wa mifugo wa Yapite walikuwa wanne. Walipoombwa kumpima punda, wote wanne walileta vyeti vya ugonjwa wa macho. Ndipo wakanikumbuka mimi wa mbali.

"Tunakuomba useme alikuwa na tumbo," Msumi aliniambia waziwazi, kama anayenisomea orodha ya sokoni. "Ukisema tumbo, mama yule atakiri kwamba alimsingizia mnyama, atapewa onyo, kila mtu atakwenda kulala."

Nilimpima punda asubuhi iliyofuata. Alikuwa dume wa kijivu, meno mazima, kwato nzuri, tumbo likinguruma inavyotakiwa. Nilipomfunga kwenye mkokoteni alikwenda vizuri, ila alitembea akiwa amejibana upande wa kulia, kama njia ina watu wawili.

Bi Ngolwa alikuwa amefungiwa chumba cha nyuma ya Idara. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imekomaa kwa kamba za maji. Nilimweleza nilichoombwa. Sikuficha kitu, maana nilikuwa mzee mno kwa kuficha.

"Baba," akasema, "ukisema tumbo nitarudi nyumbani?"

"Wamesema hivyo. Ukikiri, na usilitaje tena lile jina."

"Zawena," akasema.

Akakunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Kule nyumbani kuna nini sasa? Kitanda wamechukua. Kikombe chake wamechukua. Nikikubali, na jina nitakuwa nimewapa mwenyewe, kwa mkono wangu. Sema ulichokiona, baba. Usinionee huruma."

Baraza lilikutana katika ukumbi wenye viti vyenye migongo mirefu, kwa ajili ya wanaosinzia. Mwenyekiti aliitwa Mheshimiwa Kitwana, mtu mpole, mzito wa kusimama. Nusu saa ya kwanza ilikwenda katika kubishana kama kumbukumbu ziandike kwamba punda "alisimama" au "hakuondoka". Mjumbe mmoja alitaka kujua kama punda alikuwa katika mgomo. Mwingine aliuliza kama alipata ruhusa ya mwenye mali. Nilipoitwa niliulizwa kama alikuwa na tumbo.

"Hapana," nikasema. "Ni mzima."

"Basi unadai alikuwa na huzuni?"

"Sidai. Miaka arobaini nimetia mikono ndani ya wanyama, sijatoa moyo ukaniambia unachofikiri. Nasema nilichokiona. Nimeona ng'ombe wakifika mahali alipochinjwa mwenzao, wakanusa ardhi, wakalia sauti ambayo hawailii njaa wala kiu. Nimeona nyani jike akimbeba mwanawe aliyekufa mpaka mwili ukakauka kama ngozi, akila kwa mkono mmoja. Nimeona kunguru wakikusanyika juu ya kunguru aliyekufa, wakapiga kelele, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Kama ni huzuni sijui. Najua tu kwamba hawapiti hivihivi."

Mheshimiwa Kitwana aliegemea mbele.

"Na sisimizi, daktari? Sisimizi je?"

"Sisimizi anafuata harufu, Mheshimiwa. Maiti ya sisimizi hutoa harufu yake, na wenzake huibeba nje. Mpake sisimizi mzima harufu ile, watambeba naye akirusha miguu. Atarudi, watambeba tena, mpaka harufu iishe. Hawajui aliye hai na aliyekufa."

Mjumbe mmoja akacheka, kisha akaacha.

"Na wewe mwenyewe?" akauliza mwenyekiti, bila ubaya. "Umewahi kufiwa?"

Sikulitarajia swali hilo.

"Mke wangu, Mwajabu. Mwaka huu ni wa sita."

"Ulifanya nini?"

"Kulikuwa na kampeni ya chanjo. Siku ya tatu nilikuwa zizini nachanja ng'ombe."

Wajumbe walipiga makofi. Wengine walisimama. Nilisikia aibu, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kulisimulia jambo hilo kama sifa. Makofi yalipokwisha, Bi Ngolwa aliongea kutoka kwenye benchi la washitakiwa, ingawa hakuruhusiwa.

"Na tangu siku hiyo, baba, ukoje?"

"Tangu siku hiyo nimechoka," nikasema.

Baraza lilijadiliana siku tatu. Siku ya nne tuliitwa kusikiliza uamuzi, na Mheshimiwa Kitwana aliusoma ameketi. Baraza limeridhika, kwa ushahidi wa mtaalamu, kwamba wanyama husimama kwa ajili ya wafu wao. Kwa hiyo kusimama kwa ajili ya mfu ni tabia ya kinyama, isiyomstahili raia. Utangulizi urekebishwe ipasavyo. Sheria ibaki ilivyo. Mshitakiwa aondolewe kesho kabla ya saa sita.

"Na sisimizi aliye mlangoni?" niliuliza kwa nguvu. "Yeye si mnyama?"

"Sisimizi ni nembo," alijibu mwenyekiti. Nilipomtazama vizuri niliona hakuwa na furaha. Alikuwa mtu aliyepewa njia fupi ya kufika kitandani, naye akaishika. Nimeshakaa vikao vingi maishani mwangu. Nimeona mambo mengi yakiamuliwa hivyo.

Ushahidi wangu wa kweli ndio uliomtia yule mama kwenye machela. Nililifikiri hilo mpaka asubuhi, na bado nalifikiri.

Wachukuzi walikuwa wanne, wamevaa sare za kahawia. Kiongozi wao aliitwa Mashango, mtu mnene wa mabega, mwenye sauti ndogo. Walimviringisha Bi Ngolwa ndani ya mkeka hadi shingoni, wakamfunga kamba, wakamwinua. Alikuwa akitazama juu. Hakuna jirani aliyetoka, ila nyuma ya madirisha niliona mapazia yakitikisika. Nikaomba kufuata. Msumi, aliyekuwa akienda kutia sahihi ya makabidhiano, alifungua kitabu cha sheria, akatafuta, hakuona mahali palipomkataza mgeni.

Tulitembea saa mbili. Machela ilikuwa ikilia kwa uzito.

"Nakulemea?" Bi Ngolwa alimuuliza Mashango.

"Hapana, mama." Kisha, baada ya hatua chache, "Hatujazoea kuulizwa."

Msumi alitembea kando yangu. Aliniambia kwamba alikuwa na mke, na kwamba mke huyo aliondolewa miaka kumi na moja iliyopita, pamoja na mtoto aliyekuwa hajazaliwa. Alisema kesho yake alikwenda kazini, akapandishwa cheo. Sikumuuliza jina la mke. Nilijua hawezi kulisema.

Mwisho wa njia pana kamba iliyofungwa kwenye vigingi, inayoingia katikati ya miti. Hapo sheria inawataka wachukuzi wafunge macho kwa kitambaa, washike kamba, waende hatua mia moja, waweke mzigo chini na kurudi. Hakuna raia wa Yapite aliyewahi kuuona Uwanda. Msumi alitakiwa kubaki penye kigingi cha kwanza. Mimi, ambaye sheria haikunitaja, nilikwenda na macho yangu.

Nilitarajia mifupa. Nilitarajia fisi, kwa kuwa najua fisi wanavyofanya kazi. Niliona uwanda mpana katikati ya msitu, na juu yake vilima vidogo vidogo vya matawi, mamia, vingine vimekauka na kuwa vumbi la kahawia, vingine bado vina majani mabichi. Karibu na kamba kilikuwapo kimoja kilichofunikwa nusu. Ncha ya mkeka wa mtu aliyeletwa juzi ilikuwa ikionekana. Ardhi yote ilikuwa na alama za nyayo za duara, kubwa kama sinia.

Wachukuzi waliiweka machela chini. Hapo ndipo tembo wakatoka mitini. Walikuwa majike watatu na mtoto mmoja, na aliyetangulia alikuwa mzee, masikio yamechanikachanika. Walikuja bila sauti, kama watu wanaoingia nyumba ya msiba.

"Nini hicho?" Mashango akanong'ona. Kitambaa kilikuwa bado machoni. "Kuna kitu kinapumua."

"Msikimbie," nikasema. "Simameni hivyohivyo. Msitikisike."

Yule mzee alimfikia Bi Ngolwa. Alishusha mkonga akamgusa nyayo, akapanda taratibu mpaka tumboni, mpaka usoni. Bi Ngolwa alikuwa amefungwa. Hakuweza hata kujikinga. Kisha akasema polepole, kama anayemjibu mgeni mlangoni:

"Mimi bado, mama. Mimi bado nipo."

Tembo alitulia na pumzi yake ikapeperusha nywele za yule mama. Akarudi nyuma hatua moja. Akamzunguka kwa uangalifu, akaenda kwa yule aliyefunikwa nusu, akavunja tawi la mkwaju, akaliweka juu ya ncha ya mkeka. Wenzake walifanya hivyohivyo. Walisimama pale kwa muda ambao sikuupima, mtoto katikati ya miguu yao. Kisha wakaondoka walivyokuja.

Mashango alikuwa ameshavua kitambaa. Sijui aliona kiasi gani. Alipiga magoti, akaanza kukata kamba za mkeka kwa meno, kwa kuwa hakuwa na kisu, na wenzake watatu wakavua vitambaa mmoja baada ya mwingine na kuutazama uwanda ule waliouhudumia maisha yao yote.

"Baba yangu nilimleta mimi," alisema Mashango. "Nilimweka hapa, nikageuka."

Bi Ngolwa alitembea kati ya vilima vile akiinua majani kwa vidole viwili, akiyarudisha. Alikaa huko muda mrefu. Hatimaye alisimama mbele ya kimoja chenye majani yaliyonyauka, yasiyokauka bado. Mkeka uliokuwa chini yake ulikuwa wa ukindu, umeshonwa ukingo kwa uzi mwekundu.

"Alishona mwenyewe," akatuambia. "Nilimwambia uzi mwekundu haufai kwa mkeka. Hakunisikia."

Akaketi chini, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyoketi msibani, akalia. Hakulia kwa utaratibu wowote. Alilia mpaka Msumi akasikia kule kigingini, akavunja sheria, akaja. Alitazama huku na huku, shati limemlowa jasho, nami nikamweleza habari ya tembo.

"Mzee," akaniuliza, "hawa tembo wanajua yupi ni yupi?"

"Sidhani."

"Basi siwezi kumjua wangu."

"Huwezi. Ni miaka kumi na moja."

Akatikisa kichwa. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, kama mtu anayejaribu mlango uliovimba kwa mvua.

"Sikudhani," akasema. "Aliitwa Sikudhani. Sikudhani binti Mkamba." Na alipolisema mara ya tatu alikuwa amekaa chini.

Mimi sikuwa na mtu pale. Nilitafuta jiwe, nikaketi kwa ajili ya magoti, nikamlilia Mwajabu mbele ya watu wasiomjua, mwaka wa sita baada ya siku yake. Hakuna aliyenipa hongera. Mmoja wa wachukuzi, ambaye jina lake sikulipata, alikuja akaniwekea mkono begani akasema, "Pole." Alilitamka vibaya, kwa kuwa hakuwahi kulitumia.

Mchana ulipopinda tulianza kuvunja matawi. Hatukuwa na zana yoyote, na mkwaju ni mgumu. Viganja vya Msumi, ambavyo vilizoea kalamu, vilichubuka vyote. Tulimfunika Zawena kwa majani mabichi, kisha tukaongeza kwa wengine, tukiwachukua waliokuwa karibu.

Karani alitia sahihi kwamba Bi Ngolwa ameondolewa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Yapite inamhesabu miongoni mwa wafu. Nilivuka naye mpaka wa nchi siku ya kumi na mbili ya kukaa kwake pale, aliposema yuko tayari, na sasa anaishi vijiji viwili kutoka kwangu, analima mchicha na bamia. Hajapona. Ila nikipita kwake ananitajia binti yake kwa kirefu, alivyokuwa mbishi, alivyokuwa akichoma uji, na hachoki.

Sheria ya Siku Moja ingalipo. Sikuiangusha, na sidhani kama nitaishi mpaka ianguke. Mwaka uliopita nilipata barua ya Msumi yenye mhuri wa Idara, fupi, ya kikazi. Ananiarifu kwamba utangulizi mpya umechapishwa, kwamba tume ya uchovu imeongezewa muda, na kwamba kwa pendekezo lake wachukuzi wote wa Idara sasa wamepewa mapanga, moja kwa kila mtu. Katika ripoti ya mwaka, anasema, yameandikwa kuwa ni mapanga ya kusafisha njia.

Njia ile niliipita kwa miguu yangu. Ni ya changarawe tupu, haioti hata nyasi.